Dawa Iliyoganda Safarini

Asubuhi nyumbani kwa Fundi Sifuri ilianza kwa vifungo.

Mke wake alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono imelala mapajani. Fundi alipiga goti mbele yake akamfunga vifungo vya gauni, kimoja kimoja, kutoka chini kwenda juu. Kisha akamletea beseni la maji ya uvuguvugu. Mke akatumbukiza mikono. Wakangoja. Ilipita karibu saa nzima kabla vidole havijaanza kukunjuka. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikukunjuka kabisa. Hivyo vilikuwa vimepinda tangu mwaka jana.

"Leo vipi?" fundi aliuliza.

"Kama jana."

"Jana ulisema kama juzi."

"Basi hesabu mwenyewe."

Fundi alitengeneza majokofu. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba hiyo hiyo. Majokofu yalipangana ukutani kama wagonjwa kwenye foleni, mengine milango wazi, mengine yamegeuzwa mgongo. Jina la Sifuri alipewa na wateja, kwa sababu ya majigambo yake. "Jokofu nikilishika mimi, litafika sifuri," alizoea kusema. "Na chini yake, ukitaka."

Karibu na dirisha ilikuwapo cherehani ya mke wake. Ilikuwa imefunikwa shuka. Zamani cherehani na majokofu vilishindana kwa kelele mchana kutwa. Sasa majokofu yalinguruma peke yake.

Mke alikuwa na ugonjwa wa baridi yabisi, ule unaovimbisha viungo. Alikuwa nao kwa miaka sita. Majirani walikuwa na maelezo yao. "Fundi wa baridi, mkewe baridi yabisi. Mlitegemea nini?" walisema. "Baridi ya majokofu imemwingia mifupani." Zamani fundi alicheka nao. Mwaka huu aliinamisha kichwa akaendelea na kazi.

Siku hiyo chai ilikuwa bado mezani simu ilipolia. Alikuwa kaka wa mke, anayeishi na mama yao huko mbali, safari ya basi ya kutwa nzima na zaidi. Binti wa fundi na mkewe, wa miaka kumi na tatu, aliishika simu sikioni mwa mama yake. Sauti ya mjomba ilisikika chumba kizima.

"Dada, mama anasahau. Juzi kaniita kwa jina la baba. Jana katoka nje kumtafuta yule mtoto aliyemzika kabla sisi hatujazaliwa. Likizo hii njooni. Zimebaki wiki sita. Ya mwakani, sijui kama atakuwa anamjua mtu."

"Siji, kaka."

"Kwa nini?"

"Mwaka jana nilikuja kwa miguu yangu. Mlinipakiaje kwenye basi siku ya kurudi?"

"Tulikubeba," alisema.

"Basi."

Simu ilipokatika, mke alijifuta macho kwa mkono wa gauni. Kitambaa kilikuwapo mezani, ila vidole havikuweza kukikamata. "Mama yangu atanisahau nikiwa hapa hapa nimekaa," alisema, kama anayemwambia kikombe.

Fundi aliinuka akaenda karakana. Alifungua jokofu lisilo na ubovu wowote, akasimama analitazama. Kulikuwa na jambo alilolijua yeye peke yake.

Mwaka jana, kabla ya safari ile, mke alikuwa na nafuu. Alitumia dawa ya sindano, moja kila baada ya wiki mbili. Ilikuwa imemrudisha kwenye cherehani. Dawa hiyo ilitakiwa kutunzwa kwenye ubaridi, na safari ilihitaji sindano mbili.

"Hilo niachie mimi," fundi alisema. "Baridi ni kazi yangu."

Alitafuta boksi zuri la kutunzia baridi. Alilijaza barafu. Kisha akafanya kitu alichofundishwa na fundi wake wa zamani, siri ya wauza samaki: alimwaga chumvi juu ya barafu. Barafu yenye chumvi hupoza kuliko barafu tupu. Akazilaza sindano katikati. Akafunga kifuniko akakipiga kofi, kama mtu aliyemaliza kazi safi.

Walipofika kwa mama mkwe, aliingia chumbani akafungua boksi. Dawa ilikuwa imeganda. Ndani ya sindano ilikuwa nyeupe kama mshumaa.

Fundi alizishika sindano kiganjani mpaka zikayeyuka. Dawa ikawa kama maji, kama siku zote. Akajiambia: maji yakiganda na kuyeyuka, si ni maji yale yale?

Mke aliingia. "Tayari?"

"Tayari," fundi alisema. Akamdunga. Wiki mbili baadaye akamdunga ile ya pili.

Siku zile nyumba ilikuwa imejaa. Wake wa kaka za mke walikuwapo wote. "Wifi yetu wa mjini," walimtania, "vidole vyako vinachagua kazi?" Ulikuwa utani, lakini utani nao una miiba. Mke hakutaka mama yake amwone mvivu. Akamenya, akafua, akasimama jikoni tangu asubuhi. Wiki ya tatu magoti yakavimba. Viganja vikawa vya moto. Akashindwa kushika kikombe. Wakambeba hadi kwenye basi.

Alilala miezi mitatu. Daktari alisema ile dawa imeshindwa, akambadilishia nyingine, nayo ya sindano. Vidole viwili vikapinda moja kwa moja. Cherehani ikafunikwa shuka.

Mwaka mzima fundi hakusema neno.

Siku mbili baada ya simu ya kaka, walikwenda kliniki. Chumba cha muuguzi kilikuwa kidogo: mizani, viti viwili, na jokofu dogo lenye kipimajoto mlangoni. Muuguzi alikuwa mwanamke mfupi, mpole, mwenye mazoea ya kuandika kwa penseli kila anachoambiwa. Alibonyeza viungo vya mke taratibu, kimoja baada ya kingine, akiuliza, "Hapa? Na hapa?"

Fundi alitazama kipimajoto. Ni desturi ya mikono na macho ya kazi. Kilisoma nyuzi tano.

"Jokofu lenu limechoka, sista," alisema, ili atanie kidogo. "Haliwezi kufika sifuri. Nitakuja siku moja nilitengeneze bure."

Muuguzi alitabasamu bila kuinua macho. "Likifika sifuri, baba, nazitupa dawa zote zilizomo."

"Kwa nini?"

"Hizi sindano za viungo hukaa kati ya nyuzi mbili na nane. Chini ya hapo zitaganda. Na ikiganda haifai tena, hata ikiyeyuka. Wewe ukichemsha yai, halafu likapoa, linarudi kuwa bichi?"

"Halirudi."

"Basi ni hivyo hivyo. Kwa macho utaiona ile ile. Ndani imekwishaharibika."

Nje mtu alikuwa akiita namba za wagonjwa. Fundi alitazama vidole vya mkewe, vile viwili, juu ya meza ya muuguzi.

"Sista," alisema. "Ile dawa ya mwaka jana. Iliganda."

Penseli ilisimama.

"Niliitia kwenye barafu ya chumvi. Tulipofika nikaikuta imeganda. Zote mbili. Nikaziyeyusha."

Mke aligeuza shingo polepole. Shingo nayo ilikuwa inamuuma. "Uliona?" alimuuliza.

"Niliona."

"Ukanidunga."

"Nilidhani ni ile ile."

"Ulidhani. Kisha daktari akasema dawa imeshindwa. Ulikuwa umekaa kiti hicho hicho. Ulidhani nini siku hiyo?"

Siku ile fundi alikuwa ameogopa, basi. Aliogopa asubuhi moja, na kila asubuhi iliyofuata hofu ilikuwa nzito zaidi kuibeba.

Muuguzi aliandika. Alipomaliza alizungumza kwa sauti ile ile ya mwanzo. "Kugandisha dawa ni kosa ninalolisikia mara nyingi, baba. Watu hufikiri baridi ikizidi ndiyo inatunza zaidi. Lakini ungesema siku ile, tungekupa nyingine. Na daktari asingeiondoa ile. Dawa za namna hii si nyingi. Tukiiacha moja, tumepoteza silaha. Sasa nitamweleza daktari. Huenda siku moja akairudia."

"Na vidole?" mke aliuliza.

"Vile viwili havitanyooka kwa dawa, mama. Sitakudanganya. Lakini vinane vimebaki, na hivyo tunaweza kuvilinda."

"Majirani wanasema ni majokofu yangu yaliyomletea," fundi alisema.

"Majirani wanasema mengi. Kinga ya mwili ni kama mlinzi wa nyumba. Kwa mama, mlinzi amekosea, anampiga mwenye nyumba. Anapiga viungo, vinavimba. Ugonjwa haukuletwa na baridi ya jokofu." Akamgeukia mke. "Na hiyo safari ni lini?"

"Nani kasema nasafiri?"

"Hujasema. Ila tangu uingie umeniuliza mara mbili kama mzee akianza kusahau anaweza kukumbuka tena, na likizo iko karibu."

Mke aliinamisha kichwa. "Ninaogopa, sista. Nisipokwenda nitampoteza mama. Nikienda nitapoteza vidole vinane."

"Usiende kama mwaka jana. Umekuja mapema, na hilo ndilo la kwanza. Nitamwomba daktari aandike barua ya kueleza dawa zako, na akupe sindano moja ya akiba. Kwa kuwa ugonjwa umetulia kidogo sasa, sidhani kama atakataa."

Akaeleza mengine taratibu, na kila alipomaliza jambo aliwataka walirudie kwa maneno yao. Dawa isiingie kwenye mizigo ya chini ya basi, maana kule kuna joto. Ikae na wao. Pakiti za barafu zifungwe kwa taulo, zisiguse dawa. Vidonge anavyomeza pamoja na sindano visiachwe hata siku moja kwa sababu ya pilikapilika za wageni.

"Jingine," alisema. "Dawa hii humtuliza yule mlinzi. Kwa hiyo hata mwizi wa kweli anaweza kupita. Mtu mwenye homa au kikohozi asikae karibu nawe. Ukipata homa wewe mwenyewe, nenda hospitali, na usidungwe sindano nyingine mpaka umewauliza."

"Na jikoni?" mke aliuliza. "Wifi zangu hawatanielewa."

"Unawaambia ukifika?"

"Hawaambiwi. Nafanya tu mpaka nashindwa."

"Basi waambie kabla hujafika. Uvimbe hauonekani chini ya gauni, mama. Mtu hawezi kuheshimu asichokijua."

Siku tisa mke hakusema na mumewe. Alipitishia kila kitu kwa binti. "Mwambie baba yako chai imepoa." "Mwambie baba yako vifungo nitafungwa na wewe." Binti alikwenda na kurudi kati ya vyumba viwili, mpaka siku moja akauliza, "Kwani nimekuwa simu?" Hakuna aliyecheka.

Fundi alifanya lile alilolijua. Aliosha boksi mpaka chembe ya mwisho ya chumvi. Alinunua kipimajoto kidogo. Alizungushia pakiti za barafu taulo, akaacha nafasi katikati, akaweka hapo chupa ndogo ya maji badala ya dawa. Kila saa alifungua, akasoma, akaandika kwa chaki ubavuni mwa jokofu bovu. Siku ya kwanza kilisoma moja. Baridi mno. Aliongeza taulo. Siku ya pili kilipanda hadi kumi jioni. Joto mno. Alipunguza taulo, akaongeza pakiti moja, akaliweka boksi juani ili ajue litafanyaje kwenye basi.

Mke alikaa karibu na cherehani yake, akitazama. Siku ya tisa aliinuka kitini kwa kusukuma kwa viwiko. Akaja akasimama nyuma yake.

"Kinasoma ngapi?"

Fundi hakugeuka haraka. "Tano."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi."

Mke alisoma namba za chaki, moja moja, kutoka juu hadi chini. Kisha akamwita binti amshikie simu.

"Kaka, nitakuja," alisema. "Lakini sikia. Sifui, simenyi, sisimami jikoni. Mchana nalala. Atakayetaka kucheka acheke sasa, nikifika awe amemaliza."

Kwa mbali ilisikika sauti ya mke wa kaka. "Mwambie wifi nimesikia. Na nimeshacheka."

Zamani walipanda basi la alfajiri. Safari hii walichukua la saa nne asubuhi, mikono ya mke ikiwa imeshalegea. Walikata viti vya karibu na njia, ili aweze kunyoosha miguu.

"Boksi linaingia kwenye buti, mzee," kondakta alisema.

"Kwenye buti kuna joto. Hili linakaa hapa."

"Lina nini, dhahabu?"

"Dawa ya mke wangu." Fundi alimpa barua ya daktari.

Kondakta aliisoma, midomo ikitembea. "Haya. Lakini lisikalie kiti cha abiria."

"Litakaa mapajani."

Kila basi liliposimama, mke aliteremka akatembea hatua chache. Nusu ya njia walishuka, wakalala kwenye nyumba ya wageni, kesho yake wakaendelea. Safari iliongezeka siku moja. Mwaka jana walikuwa wameiokoa siku hiyo, na mke akailipa kwa miezi mitatu.

Walipofika, mke wa kaka alikuja kuwapokea. Alinyoosha mkono, akauona mkono wa wifi yake, akaurudisha wake. Alimshika begani badala yake.

"Mwanangu wa mwisho anakohoa," alisema. "Nimempeleka kwa jirani mpaka apone. Kitanda chako kipo chumba cha mbele, mbali na jikoni." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwaka jana sikujua, wifi."

"Sikukwambia."

Mama mzee alikuwa amekaa kwenye kiti ukumbini, mgongo umenyooka, gauni la maua limefungwa hadi shingoni. Mke alikaa kando yake. Mama akautwaa mkono wake wa kulia, akavipapasa vile vidole viwili.

"Mkono huu umepatwa na nini?"

"Ugonjwa, mama."

"Pole. Wewe ni mtu wa kazi gani?"

Fundi alikuwa amesimama mlangoni na boksi lake.

"Mshonaji."

"Hata binti yangu ni mshonaji." Mama aligusa kola ya gauni lake. "Hili alinishonea yeye. Kazi yake ina mishono midogo midogo. Nimeambiwa anakuja. Umemwona njiani?"

Mke alimtazama mumewe. Halikuwa jicho la hasira. Lilikuwa jicho la mtu anayepima umbali. Mwaka jana mama huyu alikuwa anamjua vizuri, na mke alizimaliza siku zile jikoni, kisha kitandani.

"Nimemwona," alisema. "Hayuko mbali."

Kila siku mama aliuliza vile vile, na kila siku mke akajibu. Hakuwa na sufuria la kukimbilia. Alikaa naye asubuhi, akalala mchana, akakaa naye tena jioni. Mama alimsimulia habari za binti yake: alivyokuwa mkaidi, alivyojidunga sindano ya kushonea akakataa kulia. Mke alisikiliza habari zake mwenyewe kama za mtu mwingine, na mengine hakuwa akiyajua.

Tangu njiani fundi alibadilisha pakiti za barafu kila siku. Siku ya sindano alifungua boksi chumbani.

"Soma," mke alisema.

"Tano."

"Nionyeshe."

Akamwonyesha. Mke aliinama akasoma mwenyewe. Walingoja dawa ipoteze ubaridi juu ya meza. Mke alitaka ishikwe kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama, akasoma tarehe. Kisha akapandisha gauni pajani.

"Dunga."

Akadunga.

Walikaa siku kumi na mbili. Viungo viliuma, kama vinavyouma siku zote, lakini havikuvimba. Siku ya kuondoka mama aliwaaga kwa heshima, kama wageni. "Mkimwona binti yangu," alisema, "mwambieni asichelewe."

Waliporudi mjini basi lilisimama kituoni jioni. Fundi alishuka kwanza, akanyoosha mikono yote miwili kumpokea mkewe.

"Usiniguse," mke alisema. "Nateremka mwenyewe. Lete hilo boksi."

Alilikumbatia kwa viwiko, vidole vyake vikiwa huru, akashuka ngazi moja, akatulia, akashuka ya pili. Binti alibeba begi. Mke hakusema kwamba amesamehe, na fundi hakuuliza. Alitembea nyuma yake hatua moja, mikono mitupu, akimfuata hadi nyumbani.